Ziara ya meli au kujipangia mwenyewe?
Meli ya kitalii ikitia nanga kisiwani, ukinunua ziara ya nchi kavu kwenye meli yenyewe, basi la watalii likichelewa kurudi, kwa kawaida meli huwasubiri. Ukijipangia na mwenyeji, meli haitakusubiri: ukichelewa unaachwa gatini, na nauli ya kuifuata hadi bandari inayofuata ni juu yako. Saa yako ifuate ya meli, maana huenda isilingane na ya kisiwani.

Hata hivyo, mimi ningejipangia. Watu arobaini wakimiminika kwenye ua wa nyumba moja, mwenye nyumba anageuzwa maonyesho. Mkiwa wawili watatu, anavuta kiti kutoka ndani, anakipangusa kwa kiganja, mtoto anawachungulia mlangoni, na maongezi yanaanza. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na muanze safari ya kurudi mapema.