Yoga ya wanawake Nyali: mwalimu anayewatazama wanafunzi wake

Kilichonipeleka yoga ni mgongo. Kutwa niko mbele ya kompyuta mjini Mombasa, jioni foleni ya daraja la Nyali, basi kiuno kinakaza.

Darasa hili ni la wanawake pekee, Jumamosi asubuhi. Kwa wengi wetu hilo ni kubwa: unavua buibui, unajinyoosha, na mlango umefungwa.

Kabla sijatandika mkeka mwalimu alishaniuliza: una presha? Goti je? Una mimba? Umewahi kupasuliwa? Mama mmoja mwenye presha aliwekwa ukutani, mikono imeegemea, kichwa kisishuke chini ya moyo. Dada mwenye mimba kubwa, wakati wa kupumzika mwisho, alilazwa ubavu wa kushoto sisi wengine tukiwa chali.

Mwalimu wangu wa kwanza, mahali pengine, alijua mwili wake tu. Alikuwa akijikunja kama pweza huko mbele, nasi tumfuate tuwezavyo. Ukichelewa, anakuja kukusukuma kiuno bila hata hodi. Huyu wa sasa huonyesha mara moja kisha anapita katikati yetu. "Dada, nikuguse?" Ukikataa, anakuelekeza kwa mdomo: bega lishuke, goti usilikaze. Mimi sifiki sakafuni, kwa hiyo hunipa tofali la kuwekea kiganja. Kuna wanaoona haya kulitumia, ilhali aliyevieneza vifaa hivi ni B.K.S. Iyengar wa India, gwiji mwenyewe, aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95.

Cheti anacho, cha mafunzo ya saa 200, kiwango cha mwanzo kinachotambuliwa na Yoga Alliance, shirika la walimu wa yoga la Marekani. Sawa, lakini yule msukumaji naye alikuwa nacho.

Mgongo haujapona wote, wala hakuniahidi. Aliniambia tu kwamba ganzi ikishuka mguuni, nimuone daktari kwanza.

Kasoro zipo. Ukumbi una feni tu, na msimu wa kaskazi jasho linautelezesha mkeka, kwa hiyo beba taulo. Spika nayo iko juu mno kwa watu walioambiwa wasikilize pumzi. Shilingi 1,000 kwa kipindi si haba, ila mimi natoa.

Kama una presha ya macho, mwambie mapema. Hatakurudisha nyumbani, atakupa mikao mingine badala ya ile ya kuinamisha kichwa.