Mafunzo ya wiki kumi ya kuendesha studio ya msanii: yaliyonifaa na yaliyopwaya

Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikichora kwa rangi za mafuta na kuuza kazi zangu bila kujua hasa kama studio yangu inajiendesha yenyewe au inakula akiba yangu kidogo kidogo. Nilijiandikisha katika mafunzo haya ya kuwaendeleza wasanii kitaaluma, yanayotolewa kwa njia ya mtandao, nikitarajia zaidi kuonyeshwa namna ya kupata wanunuzi. Nilichopata ni kitu tofauti na, kwa maoni yangu, chenye thamani kubwa zaidi: nilifundishwa kuhesabu na kuweka kumbukumbu. Ninaandika tathmini hii miezi mitano baada ya kumaliza, kwa kuwa mafunzo ya namna hii hayawezi kupimwa siku ya kupokea cheti.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Kila wiki kuna kipindi cha moja kwa moja cha saa mbili, kazi ya kufanya studioni, na katika wiki zote kumi kuna vikao viwili vya faragha na mshauri. Tulikuwa washiriki 18, wakiwemo wachoraji, wachongaji, wafinyanzi, wapiga picha na mfumaji mmoja. Wawezeshaji wote wawili wanaishi kwa kazi za mikono yao, na jambo hilo lilionekana katika maswali waliyotuuliza, ambayo mtu asiyewahi kusubiri malipo ya kazi aliyokwisha kuikabidhi asingeyafikiria.

Kazi ya wiki ya kwanza ilikuwa kuandika saa. Nilifunga daftari dogo kwa uzi kwenye mguu wa stendi yangu ya kuchorea, nikawa naandika kila ninapoanza shughuli na kila ninapoiacha. Wiki ilipokwisha nilikuta nimekaa studioni saa 47, lakini brashi ilikuwa mkononi kwa saa 19 tu. Saa nyingine zilikwenda kwenye kuwamba turubai na kuzipaka rangi ya msingi, kusafisha vifaa, kujibu barua pepe, kufunga kazi za kusafirishwa, na saa tatu nzima zilipotea nikitafuta picha ya kazi moja ambayo mteja aliiulizia. Saa hizo tatu ziliniuma kuliko zote, maana sikupata hata hiyo picha.

Kutoka hapo tuliingia kwenye bei, na hapa ndipo mafunzo haya yanapostahili sifa zote nitakazoyapa. Mwezeshaji alitutaka tujumlishe gharama za studio za mwaka mzima, yaani kodi, umeme, vifaa, usafiri, bima kwa mwenye nayo, na posho ya msanii mwenyewe, kisha tugawanye kwa saa za kutengeneza kazi. Wengi wetu tuligawanya kwa saa 2,000, tukichukulia saa 40 kwa wiki 50. Akaturudisha kwenye madaftari yetu ya wiki ya kwanza. Mtu mwenye saa 20 za kweli kwa wiki, akifanya kazi wiki 46, ana saa 920 tu za kubebesha gharama zote hizo, na kwa hiyo kila saa yake inapaswa kuingiza zaidi ya mara mbili ya kile alichodhani. Nilirudia hesabu ile mara tatu usiku huo nikitumaini nimekosea mahali. Sikuwa nimekosea, na ndipo nilipoelewa kwa nini miaka niliyouza kazi nyingi zaidi ndiyo iliyokuwa migumu zaidi kwangu.

Walieleza pia, kwa utulivu ambao sijaukuta kwingine, kwa nini kupanga bei kwa eneo la turubai peke yake kunaleta matatizo. Turubai ya sentimita 30 kwa 40 ina eneo la sentimita za mraba 1,200, na ya 60 kwa 80 ina 4,800, kwa hiyo bei inapanda mara nne ingawa kazi ya mkono mara nyingi haikuongezeka kiasi hicho. Ukijumlisha urefu na upana badala ya kuzidisha, unapata 70 na 140, na bei inapanda mara mbili. Hakuna aliyelazimishwa kufuata njia moja. Tulichosisitiziwa ni kwamba kanuni yoyote utakayoichagua uifuate kwa kazi zote, na kwamba bei ya studioni iwe sawa na ya kwenye nyumba ya sanaa inayokuwakilisha, kwa sababu msanii anayemuuzia mteja kwa bei ya chini nyuma ya mgongo wa wakala wake anajivunjia heshima kwa wote wawili.

Wiki ya tano ilihusu orodha ya kazi. Mwezeshaji alianza na Rembrandt, mchoraji maarufu wa Uholanzi, ambaye alipofilisika mwaka 1656 mali yake ya Amsterdam iliorodheshwa chumba kwa chumba, vipengele 363, na orodha hiyo mpaka leo ni miongoni mwa nyaraka zinazotusaidia sana kujua alikuwa na nini nyumbani na studioni kwake. Inahuzunisha kwamba iliandikwa kwa sababu ya madeni. Sisi tulitakiwa kuiandika ya kwetu tukiwa bado na hiari: kila kazi na namba yake, jina, mwaka, aina ya rangi na kitu iliyochorwa juu yake, urefu ukitangulia upana, iko wapi sasa, nani anaimiliki, na picha yake iliyopigwa kwa mwanga wa pande mbili. Wanaochapa nakala walionyeshwa namna ya kuandika namba za toleo, kama 3/20, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, na kuziingiza katika hesabu hata nakala za msanii, yaani zile chache anazojiwekea mwenyewe nje ya namba za toleo.

Nilipofika kwenye kazi ya 64 katika orodha yangu nilisimama. Ilikuwa turubai niliyoipeleka kwenye nyumba moja ya sanaa kwa mali kauli, yaani waiuze kwanza ndipo wanilipe, miaka mitatu nyuma, kwa maneno ya mdomo tu, bila karatasi yoyote. Niliwaandikia. Walijibu kwamba hawana kumbukumbu ya kuipokea. Kazi ile ilinichukua majira mazima, na sina ushahidi mwingine isipokuwa picha moja yenye giza kwenye simu. Siandiki haya ili kuwalaumu wao peke yao, kwani stakabadhi nilipaswa kuidai mimi siku ile ile, lakini laiti ningepata somo hili mapema ningekuwa na mahali pa kuanzia.

Ndiyo sababu nasikitika kwamba somo la mikataba, ambalo ni pacha wa somo la orodha, lilipewa kipindi kimoja tu. Yaliyosemwa yalikuwa mazuri: kwamba kumuuzia mtu mchoro si kumuuzia hakimiliki ya mchoro huo, isipokuwa mkiandikiana hivyo, kwamba nyumba za sanaa kwa kawaida huchukua hadi asilimia 50, na kwa hiyo mkataba lazima useme gharama ya fremu inatolewa kabla au baada ya mgawanyo, kwamba siku za kumlipa msanii baada ya mauzo ziandikwe kwa namba. Walitugusia pia mkataba ulioandaliwa mwaka 1971 na Seth Siegelaub, mfanyabiashara wa sanaa na mwandaaji wa maonyesho wa Marekani, pamoja na mwanasheria Robert Projansky, ambao ulimpa msanii asilimia 15 ya ongezeko la thamani kila kazi yake inapouzwa tena, na sheria ya Ufaransa ya mwaka 1920 iliyoanzisha haki ya msanii kupata sehemu ya mauzo yanayofuata. Baada ya hapo muda ukaisha. Hatukusoma hata mkataba mmoja mstari kwa mstari, na hilo ndilo tulilohitaji kuliko maelezo yote, kwa sababu msanii aliye peke yake mbele ya karatasi ya kurasa sita haoni aya inayomfunga mpaka imfunge.

Wakati huo huo wiki mbili nzima zilitumika kwenye mitandao ya kijamii. Sikatai kwamba wapo wanaouza huko. Hata hivyo ushauri mwingi ulikuwa ule ambao mtu yeyote angeupata bure, na washiriki kadhaa, hasa wachongaji wenye kazi tatu au nne kwa mwaka, walisema wazi kwamba kupandisha picha kila siku kungewala muda ule ule ambao wiki ya kwanza ilituonyesha kuwa hatuna.

Pengo lingine linahusu mwili wa msanii. Studio haidumu ikiwa mwenyewe anaugua ndani yake, na bado suala la usalama lilipewa dakika kumi tu. Hapakuwa na neno juu ya kupitisha hewa pale unapotumia tapentaini, wala juu ya vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbegu za kitani, ambavyo vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kushika moto bila kiberiti. Mimi huvitandaza kimoja kimoja nje vikauke, au huviweka ndani ya maji katika chombo cha chuma chenye kifuniko. Mshiriki mmoja kijana aliniambia baada ya kipindi kwamba alikuwa akivisokota ndani ya ndoo ya plastiki chini ya meza anayolala kando yake.

Vikao vya faragha na mshauri vilikuwa vya dakika 40 kila kimoja. Cha kwanza kilinisaidia sana, kwa kuwa mshauri alikuwa amesoma kabla tamko langu la msanii, yaani maelezo mafupi ya kazi zangu na ninachokusudia, pamoja na wasifu wangu, akanionyesha sentensi mbili ambazo zingeweza kuandikwa na mchoraji yeyote, na tukazifuta pamoja. Cha pili kilivurugika, maana mshauri alibadilishwa siku mbili kabla na yule mpya hakuwa amepewa bajeti yangu ya maombi ya ruzuku, hivyo karibu nusu ya muda tuliitumia kujitambulisha.

Kwa msanii ambaye tayari ana kazi zinazotoka na ameanza kulipwa, ninayapendekeza mafunzo haya bila kusita, hata kama ni kwa ajili ya wiki sita za mwanzo pekee. Kwa anayeanza kabisa ningemshauri asubiri mpaka awe na kazi angalau ishirini za kuorodhesha, kwani mazoezi yote yanategemea mambo halisi ya studio yako na hayana nguvu juu ya mifano ya kubuni. Kabla ya kulipa, waulizwe kwa maandishi mambo mawili: mshauri atakuwa nani katika vikao vyote viwili, na je, kipindi cha mikataba sasa kina mkataba wa kusoma. Nilipowaandikia maoni yangu walijibu kwamba awamu ijayo itaongezewa kipindi cha pili cha mikataba, nami nimewatumia ule wangu wa sasa wa mali kauli, majina yakiwa yamefutwa, ili uchambuliwe huko.