Mashine ya ukungu na kipimo cha unyevu: nilivyovitumia kwenye banda langu Kigamboni

Mwezi wa pili nilishuka Kariakoo nikarudi na vitu viwili vya banda la broila. Mashine ya ukungu ya kupoza banda, yaani pampu ndogo, mpira wa mita 20 na nozeli 12 za kurushia maji, kwa shilingi 185,000. Na kipimo kidogo cha joto na unyevu wa hewa kwa 18,000, ambacho nilikichukua kwa sababu tu kilikuwa mezani na chenji ilikuwa mkononi. Leo ukiniambia nichague kimoja, nachukua kile cha 18,000.

Nilikuwa na kuku 300, wiki ya tano, wazito. Saa saba mchana ukiingia bandani unawakuta wamejilaza, mbawa wameziachia mbali na mwili, midomo wazi, koo linapigapiga. Kuku hana jasho. Joto lake la kawaida liko kwenye 41 hivi, na hewa ikiwa ya moto mno kulipunguza, njia aliyobaki nayo ni kuhema, maji yakauke kooni na mapafuni yaondoke na joto. Sasa maji hukauka pale tu hewa inapokuwa na nafasi ya kuyapokea.

Hilo muuzaji hakuniambia. Aliniambia nishushe maturubai ili ukungu usipotee nje. Nikashusha. Kabla ya kuwasha, kipimo kilisoma joto 33 na unyevu asilimia 64. Baada ya nusu saa joto likashuka hadi 31 na nusu, nikafurahi kabisa, mkono wangu wenyewe ulisikia ubaridi. Sikuangalia ile namba ya chini, ya unyevu. Ilikuwa 83.

Kuku hawakutulia, walizidi kuhema. Nikambeba mmoja aliyekuwa amelala ubavu karibu na kinyweo, nikaweka mkono chini ya bawa, ngozi inachoma kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Nikampima kwa kipimajoto cha homa cha nyumbani, kile kinachoingizwa nyuma taratibu. Kuku mzima niliyempima asubuhi alisoma 41.4. Huyu kipimajoto hakikutoa namba, kikaandika H, maana mwisho wake ni 42.9. Alikufa mikononi mwangu. Hadi magharibi nilikuwa nimetoa kuku 11, na maranda yote katikati ya banda yamelowa, harufu ya amonia inakata pua.

Usiku nikampigia mdogo wangu anayefuga Dodoma, ambaye mashine kama hii anaitumia miaka miwili na anaisifu. Akaniuliza kipimo kilisoma ngapi, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hewa ya huko kwenu imeshiba maji. Unaiongezea mengine, ya kuku yaende wapi?"

Kwa hiyo mashine yenyewe sitaiponda kwamba ni mbovu. Pampu haina kelele, haili umeme wa kutisha, mpira ni mgumu. Nozeli mbili ziliziba wiki ya kwanza kwa sababu kisima chetu kina chumvi, nikaziloweka kwenye siki zikafunguka. Kwa Dodoma au Singida, kiangazi, hewa ikiwa kavu, maturubai yakiwa juu na feni inasukuma hewa, inunue. Kwa sisi wa pwani, usiiweke ndani ya banda. Yangu nimeihamishia juu ya paa: inalowesha mabati kuanzia saa tano hadi saa tisa, maji yanatiririka nje, bati halirushi tena joto kichwani mwa kuku. Hapo inafanya kazi nzuri.

Ndani nimeweka feni mbili kavu kwenye kimo cha kuku, maana upepo ukipita kwenye manyoya unabeba joto hata pasipo maji. Maturubai yako juu mchana wote. Chakula nakiondoa saa nne asubuhi nakirudisha saa kumi na moja jioni, kwa sababu kusaga chakula nako kunazalisha joto mwilini. Bomba lililokuwa linapita juani nimelifukia, zamani maji ya kwanza yalikuwa yanatoka ya moto. Na banda lile lile sasa naingiza kuku 240, si 300.

Kuhusu kipimo: kitundike usawa wa kuku, kisiguse bati wala kisikae mbele ya feni. Na kihakiki kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa, ulaze hadi kesho yake. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, hivyo kila siku naongeza nne. Ile 83 ya siku ile ilikuwa 87 kwa kweli. Kasoro nyingine ni kwamba kioo hakisomeki usiku bila tochi.

Mashine naipa nyota mbili kwa mtu wa pwani. Kipimo, tano. Wenzangu wa Kigamboni, Bagamoyo na Tanga mnaotaka kununua mashine hii kabla ya Desemba, nunueni kipimo kwanza, mkiache bandani wiki nzima, msome namba ya chini saa nane mchana.