Nimelipa mara mbili kuingia bustani moja

Mara ya kwanza nilitoka pale nikinung'unika njia nzima hadi Khayega. Nilikuwa nimelipa shilingi 300 zangu na 100 za kila mtoto, watoto watatu, na tulichoona ni magugu. Hiyo ilikuwa Novemba. Februari nikarudi, na maoni yangu yamegeuka, ingawa si yote. Jina la mahali nitalihifadhi kwa sababu nina malalamiko. Mtu wa upande wa Shinyalu atapatambua tu.

Kwetu ukisema bustani, watu wanafikiria nyasi zilizonyolewa, waridi, na kiti cheupe cha kupigia picha za harusi. Hapa hakuna hata kimoja. Ni kama ekari mbili za mwalimu mstaafu, ukingoni mwa msitu wa Kakamega. Ua wake ni maua malulu, yale ya manjano yanayomea kando ya kila barabara huku Magharibi, ambayo wakulima hukata majani yake wakayafukia shambani yawe mbolea. Nyasi zinafika kiunoni, isipokuwa njia ya kupita, ambayo imefyekwa vizuri na kwa upana (wanaoogopa nyoka, mmesikia). Kuna mti mkavu umesimama katikati kama uliosahauliwa, na rundo la magogo yanayooza. Kitinda mimba wangu akaniuliza, "Mama, sasa maua yako wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Tulikuwa tumefika saa saba mchana. Hapo ndipo tulipoharibu, na hakuna aliyetuonya, hata yule kijana aliyepokea pesa langoni. Saa hiyo ndege wametulia vivulini na huoni kitu. Halafu mtoto akakanyaga msafara wa siafu. Nilimvua suruali palepale njiani, nikawa namtoa siafu mmoja mmoja mapajani, na kijana aliyekuwa akitutembeza amesimama anacheka. Kabla sijammaliza, mvua ya Kakamega hiyo.

Jioni nilimpigia mwenye bustani nikamwaga yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Wakati wa kiangazi urudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Watoto waache walale. Nitakutembeza mimi mwenyewe." Kuhusu pesa hakusema kitu, nami sikuuliza. Nililipa tena.

Safari hii nilivaa gamubuti. Mwalimu alinipeleka kwanza kwenye murembe. Waluhya tunaujua kama mti wa kiapo. Marehemu babu hakutaka hata kuni zake ziingie jikoni. Ulikuwa umepukutisha majani yote na kubaki maua mekundu matupu, na ndege wadogo waitwao chozi wamejaa wanagombania matawi, wanachovya midomo, wanafukuzana, wanarudi. Miaka yote hiyo niliuogopa ule mti bila kuutazama.

Kwenye mipera tulimkuta kulukulu mkubwa. Nimezaliwa Kakamega na sikuwahi kumwona kwa karibu. Ana rangi ya samawati, kishungi cheusi kichwani, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, na akiwa juu ya tawi anakimbia kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Mwalimu havuni mapera ya upande ule. Ni yao, anasema, na ya kima.

Kisha akaniuliza kama bado nawaogopa siafu. Nikasema sana. Akacheka, akanipeleka kuwatafuta. Tulisimama mbali kidogo na msafara, kimya, na baada ya dakika chache vichaka vikaanza kutikisika. Wako ndege wa msitu huu wanaofuata siafu kila waendako. Hawawali siafu, wanangoja panzi, mende na buibui wanaokurupuka kutoka chini ya majani siafu wakipita, wanawadaka. Nilikaa pale karibu nusu saa. Kumbe msafara uliomliza mwanangu ndio kitu ambacho wageni wengine hutoka mbali kuja kukiona, na yule kijana alikuwa amesimama juu yake asiseme neno!

Ule mti mkavu nao una kazi. Kigogota ameutoboa sehemu mbili. Mwalimu anamngoja hondohondo, ila huyo anataka tundu kubwa: jike huingia ndani, mlango ukazibwa kwa tope, ukabaki mwanya mwembamba tu, na dume ndiye anayemlisha kupitia hapo mpaka vifaranga wakue. Matundu ya mti huu bado madogo. Majirani wamemwambia mara nyingi aukate apate kuni.

Kuna pia kidimbwi chenye kokoto ukingoni ili nyuki wanywe maji bila kuzama. Kizuri, lakini mbu hawakukosekana.

Sasa malalamiko. Langoni pangeandikwa tu: njoo asubuhi. Ubao mmoja ungeniokolea shilingi 600. Yule kijana afundishwe anayoyajua mwalimu, kwa sababu mwalimu hatembezi kila mgeni, na bila yeye utazunguka dakika ishirini urudi nyumbani. Miti haina vibao vya majina. Choo ni kisafi ila kiko mbali sana na njia, na mwenye mtoto mdogo anajua maana yake. Ukitafuta mahali pa picha za mahafali, usiende.

Mimi ninaipa nyota nne ukifika alfajiri na kumpata mwalimu. Ukifika saa saba, moja.

Chakula hawauzi, kwa hiyo beba chai yako. Ndizi usiziweke mezani hata dakika moja. Mimi niliinama kufunga kamba ya mfuko tu, nikiinuka kima yuko juu ya mpera anamenya ya pili.