CUPS kwa seva ya ofisi, mimi nimeikubali

Wenye ofisi za klering huku Mombasa na mna seva ya Linux ama FreeBSD, wekeni CUPS bana, ile programu ya kusimamia printa na foleni zake. Sisi tuko Moi Avenue, printa tatu za netiwaki, moja iko chini stoo, na zamani karatasi za mizigo ya bandarini zilikua zinakwama foleni mpaka mtu ashuke ngazi kuizima na kuiwasha. Sasa nafungua brauza, anwani ya seva na poti 631 (ila kwanza uiruhusu, ikija inasikiliza seva yenyewe tu), naona foleni zote, kazi iliyokwama naifuta maisha yanaendelea.

Muhimu kabisa, ipe kila printa IP (anwani yake ya netiwaki) isiyobadilika, maana stima ikipotea rauta yetu ilikua ikirudi inagawa anwani mpya na seva inatuma kazi mahali hakuna printa, hilo si kosa la CUPS wallahi. Na ukikuta sera ya makosa (printa ifanyeje kazi ikifeli) ni stop-printer, yaani isimame, weka retry-job, yaani ijaribu tena, la sivyo kosa moja tu foleni yote inasimama.

Printa mpya zinazoelewa IPP Everywhere (njia ya kuchapisha kwa netiwaki bila programu ya kila printa) hazitaki hata draiva. Ile ya stoo ni ya zamani, inapokea kazi kwa poti 9100, na kutafuta PPD yake (faili inayoieleza CUPS printa hiyo) siku nzima, hapo nimekata nyota moja. Nne kwa tano, na ni ya bure.