TAHADHARI: Muuza matangi wa guta la bluu ni TAPELI, usimpe hata mia

Wadau, yule jamaa wa guta la bluu tuliyekuwa tunapeana namba yake, hafai. Kala laki mbili na themanini, na wakati anazila miwani ya kupimia kioo ilikuwa usoni pangu. Mnaonijua chekeni, halafu msome.

Tangi lilikuwa la akwariamu, la vioo vitano vya milimita 6, kitako kitobolewe shimo moja la kutolea maji. Juu yake sanduku la plaiwudi la kupandia okidi. Biti, tenki konekta (kiungo cha bomba kinachokaa kwenye shimo) na epoksi ya kupaka plaiwudi isilowe, vyote kwake, bei moja.

Nilinaswa hivi. Alilaza kipande cha kioo cha sampuli juu ya povu la godoro, akabandika masking tepu upande wa chini, juu akazungushia plastisini kama ukuta wa kisima, akajaza maji humo. Konekta ya robo tatu uzi wake una kipenyo cha karibu milimita 26.4, kwa hiyo akachagua biti ya almasi ya milimita 28. Sikumwambia, alijua mwenyewe. Drili mwendo wa pole, nyundo imezimwa. Akaanza kwa kuinamisha biti kama digrii 45 mpaka ikachora mwezi mwandamo kwenye kioo, ndipo akaisimamisha taratibu. Kila baada ya muda anainua, uji mweupe unatoka, maji yanaingia. Mwishoni akalegeza mkono kabisa, drili ikawa inakwenda kwa uzito wake tu. Dakika saba. Kiduara kikadondoka kizima, ukingo haujamegeka.

Tapeli gani anajua kulegeza mkono kwenye milimita ya mwisho? Mafundi wangapi hapa mjini wanakandamiza mpaka kioo kinapasuka vipande chini? Ndiyo maana nilimwamini, na mngekuwa ninyi mngemwamini.

Na nilipima! Miwani ya polaroidi, kompyuta mpakato nyuma ya kioo, skrini nyeupe. Kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa moto na kisichotoboleka, kikiwekwa hapo kinaonyesha madoa au mistari ya giza ukigeuza kichwa, cha kawaida hakionyeshi kitu. Kioo cha mbele: safi. Mbavu: safi. Mgongo: safi. Kitako? Kitako kilikuwa kimelala juu ya kartoni, akasema, "Bosi wangu, silikoni bado mbichi, tukiinua itaachia." Nikainamia, harufu ya siki kweli inanichoma pua. Silikoni ya akwariamu ikiwa inakauka inanuka siki. Nikaona mtu ana hoja. "Vyote nimekata shiti moja," akaongeza. Nikatuma hela nikiwa nimechuchumaa pale pale.

Nikaliacha tangi siku nne likauke. Siku ya tano nikatoboa kwa biti ile ile, maji tele, kituo cha shimo sentimita 8 kutoka ukingoni. Nusu dakika haikufika. Mlio kama bunduki, kitako chote kikawa chenga kama chumvi ya mawe, mbavu zikabaki zimesimama kwa silikoni peke yake.

Ilikuwa tempa. Kioo hicho huchomwa kisha hupozwa ghafla, ngozi ya nje inabana na tumbo la ndani linavutika. Ngozi hiyo ni kama moja ya tano ya unene kila upande, kwenye milimita 6 ni kitu cha milimita moja na kidogo. Biti ikishaipita, mvutano wote unafumuka kwa mpigo. Hakuna mkono mwepesi wala maji yatakayokiokoa. Halafu nampigia, ananiambia, "Umekandamiza, bosi." Mimi! Nimekandamiza!

Vitako vyake ni mashelfu ya friji za duka na meza za kioo chakavu. Tempa haikatiki, kwa hiyo mbavu ndizo zinazokatwa kufuata kitako. Kumbe ndiyo sababu ukimwomba 90 kwa 45 anakwambia saizi hiyo imeisha, chukua 88 kwa 43.

Epoksi nayo. Makopo mawili, A na B, uwiano mbili kwa moja, nikapima kwa sindano ya dawa. Epoksi ya kweli ukiichanganya kikombe kinapata joto mkononi. Hii baridi, na inanuka thina. Nikajidanganya kwamba ni aina ya kukauka polepole. Siku ya tatu ukucha bado unazama. Yote mawili ni vanishi. Nilipojaribu kumwagia maji plaiwudi ikavimba kwenye kona ndani ya wiki, na sasa hata nikipata epoksi halisi lazima nipige msasa mpaka kwenye mbao, niiache ikauke kabisa, ndipo nipake koti mbili au tatu. Epoksi juu ya mbao yenye unyevu inafanya malengelenge.

Huyu mtu arudishe hela. Asiporudisha, kituo cha polisi kipo, risiti za muamala ninazo, na kuna wengine wawili wameshaniambia vitako vyao vililipuka wakaona aibu kusema. Twendeni watatu. Simwombei kipigo cha barabarani, namtaka nyuma ya kaunta ya polisi akiwaonyesha askari namna ya kutoboa shelfu la friji! Hadi leo anatuma picha za matangi mapya kana kwamba hakuna kitu. Namba yake ifutwe kwenye simu zenu zote, na aliyenipa namba hiyo anajijua, tutaongea.

Dalili, kwa haraka: saizi za ajabu ajabu. Anatoboa sampuli lakini hatoboi tangi lenyewe, hilo anakuachia wewe. Hataki kitako kiinuliwe. Epoksi haina jina la kiwanda. Silikoni ya nyongeza anayokupa ni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, ambayo kwa samaki na vyura ni sumu. Mlazimishe atoboe kitako mbele yako kabla ya kulipa, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Na nimesahau dalili nyingine ya tempa: kona za vitako vyake ni za mviringo, kingo zimesuguliwa zinang'aa. Nilipitisha kidole pale nikamsifia kwa kazi safi.