Blogu ya diwani: miezi minane ya kuandika mwenyewe

Mimi ni diwani wa kata ya wakulima wa viazi, juu huku milima ya Uporoto, wilayani Rungwe. Kijana mmoja wa Mbeya mjini alinitengenezea blogu, nami nimeitumia miezi minane sasa.

Alinitoza laki moja na nusu. Kazi yake safi, ila alinikabidhi ikiwa na picha yangu nimenyoosha mkono, imejaza skrini nzima, mpaka mke wangu akaniuliza kama nagombea urais. Nikaitoa, na nyingine nyingi nikazitoa pia. Wasomaji wangu wananunua bando la jero, siwezi kuwamalizia kwa sura yangu. Kuhusu leseni ya blogu, kanuni za 2018 zilidai 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Zimerekebishwa tangu hapo, lakini pita TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize kwanza.

Nilianza kwa kujifanya Zitto Kabwe, ambaye alikuwa na blogu yake tangu enzi za ubunge wa Kigoma Kaskazini. Makala yangu ya kwanza ilihusu falsafa ya maendeleo. Ilifunguliwa mara 14, na naamini nne kati ya hizo ni mimi nikikagua.

Ya pili niliandika kama ninavyoongea kijiweni, juu ya lumbesa. Kwamba kisheria gunia lisizidi kilo 100, na kile kilemba kinachoshonewa juu ni jasho la mkulima linaloondoka bure. Hiyo ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hadi mtu akanipigia kutoka Njombe. Baadaye nikaeleza mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Zamani nilipigiwa saa nne usiku kuulizwa hayo hayo. Siku hizi natuma linki, nalala.

Sasa shida yake. Ukisema jambo jukwaani, upepo unalichukua. Blogu haisahau. Niliandika kwamba karavati la njia ya shule ya msingi litakamilika kabla ya mvua. Mvua zikaja, karavati halikuja. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama mama mmoja, akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjukuu wake alikuwa ameichapisha steshenari ya Tukuyu mjini, tarehe imepigwa mstari kwa biro nyekundu.

"Mheshimiwa, soma mwenyewe."

Nikasoma. Sauti ilinikauka nilipofika "kabla ya mvua", maana mabati juu yetu yalikuwa yanapiga kelele.

Wenzangu wa chama walinishauri niifute usiku uleule. Sikuifuta. Niliongeza mistari mitatu chini yake: fedha hazijaingia, barua ya kukumbushia nimeipeleka halmashauri, na tarehe niliyoipeleka. Kama huwezi kuvumilia hilo, bora ubaki na gari la matangazo.

Wiki iliyofuata nilikutana na yule mama njiani, ndoo kichwani, matope hadi magotini. Mjukuu alikuwa amemsomea ile mistari.

"Ndaga, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Na karavati?"